Gunia la Mlangoni

Nimehesabu mara tatu, kwa chaki, kwa kalamu, kwa vidole:
magunia elfu nane mia moja tisini na moja
ya kahawa ya maganda, ghala namba nne, Moshi,
upande ule reli inapopita karibu na ukuta.

Meneja Kirita anataka safu zilingane.
"Panga vizuri, Aikande, mkaguzi asije akatutolea macho."
Nikajaribu saba saba: likabaki moja.
Tano tano, likabaki moja. Tatu tatu, mbili mbili,
kumi na tatu, idadi ya malori ya Ijumaa,
likabaki moja, lilelile,
kama mgeni asiyesikia sufuria zikioshwa.
Kwa kumi na moja yakabaki saba. Nikashukuru mabadiliko.

Wapagazi wakaenda zao Pasua kulala,
mimi nikabaki na daftari la miraba.
Si lazima ujaribu kila namba, hilo nalikumbuka:
ukishapita tisini unarudia njia uliyojia,
maana kigawo kikubwa hakitembei bila mdogo wake.
Nikabisha hodi milango ishirini na minne,
wa mwisho themanini na tisa.
Yakabaki matatu.
Hakuna aliyefungua.

Shuleni tuliiita namba tasa.
Mwalimu Shekivuli aliliandika neno ubaoni,
darasa zima likacheka, nami nikacheka,
sikujua kwamba lingenifuata mpaka Machame,
uani kwa mama mkwe, likisemwa kwa sauti ya chini
wakati ndizi zinamenywa.
Tasa: isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe.
Wao hawakufika sehemu hiyo ya maana.

Basi itazame ilivyo.
Anza na moja, izidishe mara mbili, na tena mara mbili,
kumi na tatu zitimie, kisha ondoa moja.
Au hivi: mraba wa tisini kwa tisini,
safu moja ya tisini,
na gunia moja.
Jirani yake wa chini hugawika kama mkate wa msibani,
kila mkono unapata.
Jirani wa juu hukatika nusu, nusu, nusu,
mpaka ibaki punje.
Yenyewe katikati, haina pa kushikwa.

Asubuhi Kirita alisimama mlangoni na kikombe cha chai.
"Andika elfu nane mia moja na tisini.
Kila lori mia sita na thelathini, hesabu inakaa.
Hilo moja ni la panya."

Na kweli ingekaa.
Ingekaa vizuri kiasi kwamba nilisikia mkono ukitaka.

Nikapanga ilivyotaka namba:
tisini kwa tisini, tisini ukutani, moja mlangoni.
Mwisho wa idadi nikaandika moja,
nikaikandamiza kalamu
hadi ukurasa wa chini nao ukaipata.

Malori yameondoka, kumi na matatu, sawasawa.
Kirita hajanisemesha tangu juzi.
Gunia lipo.
Mchana nalikalia, nala kiburu changu,
linanukia vumbi na ganda,
na mtu akiuliza ni la nani
namsomea daftari.
Litasafiri na nini, bado sijui.