Parafujo Iliyobaki

Fundi wa pale Mkunguni alisema: elfu mbili na mia tano,
niwachie, uje Jumatatu.
Niwachie!
Mle ndani mna usiku wa hina wa Zuhura,
sote vichwa wazi, mikono wazi hadi mabegani,
bi harusi anacheka, mdomo umejaa halua.
Kijana wa watu, sina neno naye,
lakini siku tatu ni nyingi kwa macho ya mtu.

Basi baada ya adhuhuri nimetia komeo,
nimekunja jamvi, nimetandika shuka jeupe
(parafujo ikiingia jamvini, mtaonana Kiyama)
na Mwanakheri ameshika tochi.

Mimi ni mshona kofia.
Miaka ishirini na sita nazungusha uzi kwenye tundu
lisilopitisha punje ya ufuta.
Sasa kitu hiki kimefura mgongo
kama hamri lililoona mafuta,
kioo kimeinuka upande, kinachungulia.

Betri iliyofura haibonyezwi. Haitobolewi.
Sindano zangu zote nimezipandisha juu ya kabati.
Chaji nimeiacha iishe tangu jana,
simu nimeizima, laini nimeitoa.
Kando yangu ndoo ya mchanga mkavu.
“Mama, wapika au wapigana?”
Nagusa bomba la chuma,
ule umeme mdogo wa dera la nailoni unitoke vidoleni.

Wengine hupasha gundi moto ilainike.
Hii yangu, hapana: aliyefura hapelekwi jikoni.
Nachukua kadi kuukuu ya kukwangua,
naipenyeza ukingoni, mdogo mdogo,
kama unavyomvua mgonjwa kanzu.
Kisha kioo nakifunua kwa ubavu, si kwa pupa;
kuna utepe umekishika,
ukiukata umefiwa.

Parafujo zinatoka, fupi, ndefu, fupi.
Nimechora simu kwenye karatasi ya ruwaza,
kila moja inalala palepale ilipotoka.
Halafu kichwa cha betri, nakibandua kwa ukucha.
Pumzi kwanza. Mengine baadaye.

Na hapo, kwenye meno ya shaba, ukungu wa kijani.
Chumvi yetu hii!
Imekula bawaba, imekula cherehani ya marehemu mama,
kumbe na huku imepata njia.
Mwanakheri analeta chupa ya uturi: “Si spiriti hii?”
Hiyo ina mafuta, mwanangu. Lete mswaki mkavu.

“Hodi! Bi Batuli, kofia ya Shekuwe tayari?”
Hatujibu.
Nimeshika ulimi wa gundi chini ya betri,
nauvuta kwa kulala, si kwa kusimama,
unarefuka, unarefuka,
huko nje viatu vinasugua kizingiti,
vinaondoka.
Imetoka. Nzima, haina jeraha.
Naizika mchangani, naitoa uani, kivulini, mbali na nguo.

Mpya ilikuja juzi toka Mombasa, ndani ya furushi la nyuzi.
Inaingia kama iliyozaliwa humo.
Nafunga. Nawasha.
Zuhura bado anacheka, halua bado haijamezwa.
Mwanakheri anapiga kigelegele,
kisha anatazama karatasi, ananyamaza.

Imebaki moja.

“Lakini si inawaka, mama?”
Inawaka.
Na kofia yenye tundu moja lisilozungushiwa uzi
huvalika hadi msikitini, na hapana ajuaye,
ila aliyeshona.

Naizima tena.
Rudisha hiyo tochi, mwanangu. Karibu zaidi.