Kipande

Kazi yangu ni kushika fimbo ya maiki.
Nikionekana, nimeharibu.
Basi picha waulizeni wenzangu;
mimi niulizeni kelele.

Tulikuwa wanne na kamera ya kuazima,
kioo chake kina mtoto wa jicho upande wa kushoto.
Mwanakheri, mwongozaji, aliuza cherehani ya mama yake
(kwa ridhaa, anasema; mama anasema mengine),
tukapanda pikipiki mbili kutoka Muheza
hadi Kwamzindo, mkonge kulia, mkonge kushoto,
mistari kama gwaride lililosahauliwa juani.

Habari tuliyoifuata haikuandikwa popote.
Mwaka wa hamsini na saba, usiku,
kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ofisi,
kile kilichogongwa saa kumi alfajiri manamba waamke,
kiliondoka.
Reli haina miguu.
Siku tisa korona ikakaa kinywa wazi,
haikutafuna jani wala kidole.
Meneja akapuliza filimbi, akapiga debe, akapiga watu.
"Hatukusikia kengele, bwana."
Hilo ndilo kosa lao lote.

Mfadhili wa Dar alisoma muswada kwenye simu:
shujaa wenu nani? Wekeni kijana mmoja, awe na mchumba.
Mwanakheri akajibu, shujaa ni chuma
na wanawake sita waliokibeba.
Pesa hazikuja.
Tulikula mihogo ya kuchoma hadi mwezi wa nane.

Bi Yunisi Ntakije, binti wa mmoja wao,
alitukatalia siku tatu.
Mdomo ulioficha reli, alisema, hauifichui kwa soda.
Siku ya nne akaagiza kamera izimwe.
Maiki hakuitaja.
Akatuingiza jikoni, akasogeza figa kwa mguu: hapa.
Walichimba, wakakilaza, wakawasha moto juu yake.
Askari walipekua vitanda, walipekua hadi vyoo,
hakuna aliyepekua moto.
Siku tisa wakasonga ugali juu ya saa ya bwana.

Baadaye nilimkiri kwamba nilinasa sauti.
Akacheka. Nilikuona, kijana, urefu wote huo.

Kipande. Neno hili limo mara arobaini katika kanda zangu,
na usiku wa kuhariri sikujua daima ni kipi:
cha reli,
cha kazi, karatasi ile ya siku thelathini,
au kile Shebughe alichotaka tukikate
kwa sababu kuku amepita.
(Kuku tulimbakiza.)

Daftari la shamba halikuwa na majina.
Mwanakheri akamalizia filamu kwa namba tupu,
nyeupe juu ya nyeusi, dakika mbili.
Nilitaka niweke upepo, niweke hata mbu.
Akakataa. Kimya.

Tuliionesha kwanza palepale Kwamzindo,
shuka mbili juu ya kamba za kuanikia singa,
jenereta ikikohoa nyuma ya zahanati.
Ikatokea 417. Gizani mtu akaruka:
"Huyo baba! Ruhuzi!"
209. "Mhongole, yule mwenye kigugumizi!"
Watoto wao wazee, namba wanazijua kwa moyo,
ndizo walizotumwa nazo kuchukua posho.
Zikashuka, wakaziita, wakashindana kuziita,
mpaka shuka ikawa nyeusi.

Ndipo Bi Yunisi akasimama,
maana wale sita hawakuwa hata na namba.
Akawataja, mama yake wa mwisho kabla ya mwisho.
Wa sita akamkwama.
"Yule... mkewe fundi wa korona... alikuwa na mwanya..."
Akakaa.

Na mimi, mtu wa sauti,
mashine yangu ilikuwa begini,
betri zake nimezitia kwenye tochi ya mkata tiketi.

Filamu ina dakika sabini na moja. Hayo hayamo.
Ila kila tunapoionesha, Korogwe, Pangani, popote,
namba zikianza kushuka
nasimama nyuma, nanyoosha fimbo gizani
kuelekea kwa watu,
nikingoja mwenye kumjua mwanamke mwenye mwanya.