Sekunde Arobaini na Tatu

Nimepima kwa saa ya mkononi:
behewa la daraja la tatu linaingia Tumboni
likitokea Mlimba,
na kutoka upande wa pili
kwa sekunde arobaini na tatu.
Mtoto niliyeketi naye hajamaliza kumenya yai.

Baba alilivuka handaki hili kwa miezi kumi na moja.

Ni wao waliolibatiza Tumbo,
kwani lilimeza kila walicholipa na halikushiba:
mitalimbo, tambi, magunia ya saruji,
kidole cha pete cha Lutengano Mwasote,
na mwezi mzima wa Aprili,
maji yalipochuruzika kutoka darini mwa mwamba
wakawa wanachota kwa debe walichochimba kwa sururu.

Aliondoka Lupembe na blanketi moja
na unga wa siku nne.
Alimwambia mama anakwenda kuchimba;
mama akadhani shamba.
Barua ya kwanza ilimkuta anavuna viazi:
*Tunachimba mlima. Hauoti kitu.*

Palikuwa na Fundi Guo wa baruti,
mfupi, kofia ya majani, soksi zilizotiwa viraka.
Aliyajua maneno manane ya Kiswahili.
Sita yalikuwa ya kuokoa roho:
Bado. Tayari. Kimbia. Lala. Inama. Subiri.
La saba, chai.
La nane alijifunza usiku mmoja,
usiku ukuta wa kushoto ulipomlalia Kihwele
wakamtoa mzito, mtulivu, kama gunia lililolowa.
Guo akauliza kwa mikono: nyinyi husemaje?
Wakamwambia: pole.
Akalirudia mpaka kukapambazuka,
hakumwambia mtu,
aliliambia jiwe.

Baba hakusimulia haya kwa mpango.
Yalimtoka moja moja, kama miiba:
moja akinyoa ndevu, jingine akifunga mbuzi,
na hili la Kihwele alilisema mara moja tu,
mvua ikipiga bati kwa nguvu,
nadhani akitumaini hatusikii.

Sikio lake la kushoto lilibaki humo ndani.
Lakini tulipohamia Makambako, nyuma ya stesheni,
yeye ndiye aliyejua treni inakuja kabla yetu:
ulanzi ulianza kutetemeka kikombeni,
naye akaufunika kwa kiganja
kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

Siku ya utepe alikuwepo.
Hakuuona utepe; mbele yake palikuwa na mgongo wa polisi.
Hotuba ziliangukia sikio lile lile la kushoto.
Aliyaona mataruma, akayahesabu mpaka kwenye kona,
akarudi nyumbani na kiatu kimoja,
kingine kimekanyagwa na furaha ya watu.

Tena kuna hili.
Wiki ya mwisho, saruji ikiwa mbichi,
alibandika mkono wake ukutani,
hatua mia tatu na kumi na mbili
kutoka mdomo wa mashariki, upande wa mto.
Guo alimwona. Akasema *bado*,
akavua glovu, akabandika na wake kando.

Kila safari nakaa dirisha la upande wa mto.
Naanza kuhesabu giza linapogonga kioo,
nagawanya hatua kwa sekunde,
hesabu ambayo mwalimu wangu angeikata kwa wino mwekundu,
na ninapodhani ndipo, nabandika kiganja.
Kioo ni baridi. Kinatetemeka.
Basi, ni hivyo tu.

Kisha mwanga unatumwagikia bila hodi,
milima ya kijani imejaa ukungu mpaka kifuani,
mama mmoja anauliza debe la viazi Makambako sasa shilingi ngapi,
mtoto ananipa nusu ya yai lake.

Leo zilikuwa arobaini na sita.
Injini imechoka, asema mkata tiketi.
Sikumbishia.