Chumba cha Majembe

Walikupa chumba cha majembe, Mwalimu Asekenye,
nyuma ya jiko la shule, pale Kumi,
maana mshauri, walisema, hahitaji ubao.
Uliyasogeza majembe ukutani, ukaweka viti viwili.
Yakabaki humo, yakitusikiliza.

Mimi nililetwa kwa adhabu.
Nilimchapa Okiror kwa mkongojo
kwa kuniita kigoda cha miguu mitatu.
Nikakaa nikingoja mahubiri:
Mungu ana makusudi yake, binti,
wako wasio na hata huo mmoja.
Hayo nilishayakariri, kama jedwali la saba.

Hukuhubiri.
Uliuliza: "Chooni unafikaje?"

Nikatazama majembe.
Sifiki, nikasema. Sinywi maji tangu alfajiri.

Ukaandika. Kalamu yako ilikuwa ikivuja,
kidole chako cha shahada kikawa buluu mpaka Ijumaa,
na Ijumaa hiyo ukasimama kwenye mkutano wa wazazi
ukatamka neno choo mara tisa mbele ya mchungaji.

Pesa? Tuliambiwa bajeti. Tuliambiwa muhula ujao.
Ndipo ukaenda na toroli hadi kwenye kichuguu cha kina Ilukor,
ukarudi na udongo, Okiror nyuma yako akisukuma
(hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake, naye akainogewa).
Ngazi tatu za choo tukazifukia, tukatengeneza mteremko,
wao wakishindilia kwa nyayo,
mimi kwa mkongojo, ambao siku hiyo ulikuwa mchi.

Mvua ya Aprili ikaubomoa.
Tukaujenga.
Ya Agosti nayo.

Siku hizi watu huniuliza ulinifundisha nini.
Wanataka methali, kitu cha kubandika ukutani.
Sina.
Namkumbuka Emuria wa darasa la tano, kiziwi,
alivyokuwa akikufundisha ishara za mikono yake nawe ukikosea,
ukamwambia "ng'ombe" ulipotaka kusema "samahani",
akacheka huku kashika mbavu,
na shule nzima, kwa mara ya kwanza, ikaisikia sauti yake.

Na nakikumbuka kikombe cha plastiki, cha kijani,
juu ya meza yako, kati ya mipini,
saa nne kamili, kila siku, kimejaa hadi ukingoni:

"Kunywa, Apolot. Njia ipo."