Yatokanayo

Kikao kilianza saa nne badala ya saa tatu,
kwa sababu ya mvua, na kwa sababu
mgeni rasmi alikwama na gari lake Maweni.
Chumba cha kidato cha pili, Pongwe.
Wazazi wamebanwa kwenye madawati ya watoto wao,
magoti juu, kanga zimelowa pindoni.
Nje baiskeli zimeegemeana ukutani
kama watu waliotoka msibani.
Mimi katibu. Kalamu mbili, daftari moja la kaunta.

Ajenda ya kwanza: matokeo.
Watahiniwa themanini na mmoja.
Waliofaulu, tuseme tu, wanaenea
kwenye bajaji tatu, na mmoja apakatwe.
Ajenda ya pili: nani?

Mwalimu Mkuu Shekalage akasema: mzazi.
Sisi tunaye saa nane, zilizobaki ni zenu.
“Asiyefunzwa na mamaye...”
Hakumaliza. Bi Mwanasiti keshasimama:
“Mamaye anaanika singa korona tangu alfajiri!
Nyinyi ndio mliosomea kufundisha.
Mimi nimesomea wapi?”
Makofi. Nikaandika: Mjumbe alichangia.

Mwalimu wa fizikia akasema maabara ni kabati,
na ufunguo wa kabati umepotea.
Diwani akasema madawati yaliletwa, au hamkuyaona?
Mzee mmoja wa nyuma akasema simu.
Mwingine akasema vigodoro.
Mwingine akasema watoto wenyewe, hawana haya.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Vidole tulikuwa navyo, zaidi ya mia tano,
vyote vimenyooka, kila kimoja kwa jirani yake,
na chawa akipita katikati kwa raha zake.

Ndipo Mkuu akainua daftari la mahudhurio.
“Hemedi Sekibaha! Asilimia tisini na sita,
na bado sifuri. Mwalimu afanye nini tena?”
Watu wakaguna.
Mimi nikainama, nikawa naandika.

Vyema vile nilivitia mimi.
Ijumaa jioni, wino mmoja, wiki nzima kwa mkupuo,
kwa sababu afisa elimu anapenda asilimia,
kwa sababu Mkuu anamwogopa afisa,
kwa sababu nilikuwa na madaftari mia na sitini ya kusahihisha
na jino likiniuma.
Sababu sikosi.

Mwezi wa tano nilimkuta stendi ya Kange
na beseni la machungwa ya Muheza.
“Shikamoo, mwalimu.”
Akanimenyea moja, ganda refu lisilokatika,
huku abiria wanamwita madirishani:
noti ya elfu kumi, machungwa saba,
mawili ya deni la jana, yule wa nyuma kaongeza matatu,
na chenji ikafika kila kiganja
kabla basi halijang'oa.
Hesabu: sifuri, ndivyo isemavyo karatasi.

Nikasema marahaba. Nikala chungwa. Lilikuwa tamu.
Sikumwuliza kitu.
Alisimama kidogo, kisu mkononi,
kama mtu anayesubiri swali
ambalo jibu lake analo.
Likaingia basi la Lushoto, akalikimbilia.

Mengineyo: chai na maandazi. Diwani aliaga mapema.
Kikao kiliazimia kila mmoja atimize wajibu wake.
Kila Mmoja: nimefundisha miaka kumi na minne,
jina hilo nimeliita mara nyingi,
sijasikia mtu akiitika.

Usiku huu nanakili muhtasari kwa mwandiko wa kusomeka.
Waliohudhuria, hamsini na watatu.
Wasiohudhuria bila taarifa:
mkono umeandika Hemedi Sekibaha.
Si mjumbe. Hakualikwa. Mkono umeandika tu.

Nimeliacha jina.
Nimerudi juu yake, nikakata “bila taarifa”.
Taarifa alitoa.
Alinipa mkononi, imeshamenywa.