Gololi juu ya Benchi

Meza ya mama wa duka la dawa imerudi mara ya pili.
Inacheza, amesema, chai inamwagika.
Mara ya kwanza nililaumu sakafu yake,
nikakunja kadibodi chini ya mguu, nikaaga.
Leo sina sakafu ya kulaumu.

Nimefunga mlango wa mabati mapema.
Ng'ambo ya Barabara ya Ngong wanafunika vitanda kwa turubai,
nami nimeinama, jicho moja nimelifumba,
nalichungulia benchi langu
kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

Vijiti viwili vya saiprasi, nimevinyoosha mwenyewe,
kimoja huku, kimoja kule.
Vikilala sambamba, benchi halina neno.
Havikulala.
Cha kule kimeinua bega la kushoto
kama mtu aliyeulizwa deni.

Basi ni wewe.
Miaka tisa nakuegemezea kila pembe,
kumbe ulipinda kimya kimya
tangu usiku ule tingatinga la kupanua barabara lilipotufukuza,
tukakubwaga juu ya mawe,
mvua ikakunyeshea siku tatu.

Ombaso, lete penseli.

Tumekuchora mistari uso mzima,
kama hesabu iliyokosewa.
Randa ni ya marehemu Syengo; kisu nimekinoa
hadi kikanyoa malaika ya mkono.
Kwanza mshazari, kukata nyuzi za mbao,
kisha mshazari wa pili,
kisha kwa urefu, polepole, bila kukandamiza.
Penseli inapofutika ndipo palipojivuna.
Inapobaki ni bonde:
hapo kati, Syengo alipotobolea, alipogongea,
alipoweka bakuli lake la githeri.
Bonde halijazwi.
Mlima ndio unaoshushwa ulifuate.

Saa mbili usiku. Maranda yamefika vifundoni,
mgongo unaniita kwa jina.
Nimevuta uzi pembe hadi pembe:
chini yake njiti ya kiberiti haipiti.

Ombaso ametoa gololi mfukoni, ameiweka katikati.
Tumenyamaza.
Imesimama.
Kisha, kama aliyekumbuka sufuria jikoni,
imeondoka, taratibu, kuelekea dirishani.

Unywele, nimesema. Umebaki unywele mmoja.
Nikanyosha mkono kuichukua randa,
stima ikapotea.

Gizani tukaisikia gololi ikidondoka,
ikishika njia juu ya saruji,
ikienda, ikienda,
hadi ukutani.

Hata sakafu, kumbe.