Mita Kumi na Tisa

Kila Jumatatu baada ya bamvua
Enid Stathers hutoka kwa mlango wa jikoni
na futikamba ya chuma ya marehemu mumewe,
huifunga kwenye kitasa,
huelekea baharini mpaka ardhi iseme basi.

Mwaka alioolewa, futikamba haikufika.
Walihesabu kwa hatua, mia na arobaini:
shamba la njegere, zizi la nguruwe,
na kibanda alimofia baba mkwe akisikiliza kriketi redioni.
Leo, mita kumi na tisa.
Anaandika kwa penseli. Wino, asema,
ni wa mambo yasiyobadilika.

Hii ni Holderness, ubavu wa mashariki wa Uingereza,
ambako barabara huisha bila kuaga:
mstari mweupe wa katikati umening'inia hewani
kama sentensi ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Usidhani ni mawimbi makubwa.
Watalii huja siku ya dhoruba,
huona povu likirukia ukingo,
huondoka wameridhika.
Enid hucheka. Mwizi hapigi ngoma.
Kazi hufanywa na maji ya kila siku,
yajaayo mara mbili na kupwa mara mbili
bila hasira, kama karani aingiaye ofisini:
hulowesha kisigino cha ukingo,
hulamba udongo, huacha kokoto,
hurudi baadaye kuangalia kilicholegea.
Hata maji mafu hayajafa.

Kisha mkondo.
Maji yakijaa huenda kusini na mzigo begani;
yakipwa hurudi kaskazini,
lakini hayarudishi vyote.
Tofauti ni konzi ya mchanga.
Konzi, na konzi, miaka mia saba,
na vijiji vilivyokuwa na kanisa, kisima na baa
vimebaki majina kwenye ramani,
upande wa buluu.
Chovya chovya. Buyu unalijua.

Juzi alikuja mjukuu, Corwin,
ahesabuye ndege huko Spurn,
kwenye ulimi wa mchanga uliojinyoosha
mdomoni mwa mto Humber.
Mfukoni, tofali.
Tofali kwa jina tu: bahari imelila pembe zote,
limeviringana kama kiazi,
na juu yake herufi tatu, ATH,
katikati ya jina la ukoo,
kutoka tanuri la babu wa mumewe.
"Nimeliokota kule," akasema,
"ambako mwaka juzi hakukuwa na kule."

Enid akaligeuza.
"Ukuta wa zizi. Au choo."
Akanyamaza mpaka birika likapiga mluzi.
"Na mengine?"
"Yapo, bibi. Yameota nyasi. Shakwe wanataga juu yake."

Basi haba na haba, huko kusini,
kibaba kinajaa kwa kilichomwagwa hapa.
Na udongo ulio laini zaidi hausimami hata Spurn:
huvuka bahari ukiwa rangi tu ndani ya maji,
hutua Uholanzi, kwenye matope
wanamotembea watu peku.
Hauulizwi pasipoti.

Sitasema alifarijika.
Barua ya halmashauri iko chini ya kopo la sukari:
uhame kabla ya Machi.
Binti amempatia chumba mjini Hull,
ghorofa ya nne.
"Hata udongo huu uliletwa," Corwin akasema akivaa koti.
"Barafu iliubeba kutoka mbali, ikachoka, ikautua."
"Ala! Kumbe tulijenga juu ya mzigo wa mpita njia."
Akamfungia kijana keki kwenye karatasi.

Jumatatu iliyofuata: kumi na nane na nusu.
Akachora mstari wima katikati ya ukurasa,
jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka sitini.
Kushoto akaandika kipimo.
Kulia: Spurn, tofali moja.
Hilo alitaka kuliandika kwa wino.
Akaitafuta kalamu, akaipata, akaifungua,
akakumbuka kwamba mchanga nao una miguu.

Akachukua penseli.